Droni zangu nne na kwelea wa Oria

Asubuhi hiyo nilikuwa nimezama matopeni hadi magotini, natoa droni ya pili kwenye mpunga wa Oria, huku chini ya Moshi. Babu mmoja anayeamia ndege akasogea na kombeo lake mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaiangalia droni, akaiangalia na ile nyingine niliyokwisha kuilaza juu ya tuta.

"Mjukuu wangu, hizi zinagombania nini?"

Nilicheka, ila kwa kweli zilikuwa zimekwepana mpaka zikagongana.

Nilitaka droni nne ziruke pamoja kama kundi la ndege. Nilianza kwa njia ya mkato: laptopu moja kwenye buti la gari, inaiambia kila droni iende wapi. Zikiwa mbili, sawa. Zikifika nne redio inaelemewa, na mawasiliano yakikatika kidogo tu zote zinabaki yatima angani. Nikaachana nayo. Nikarudi kwenye kanuni tatu alizozitoa mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds mwaka 1987, alipokuwa anaigiza makundi ya ndege kwenye kompyuta: usimbane jirani, enda mwendo na upande wanaokwenda walio karibu, usiachwe na kundi. Basi. Hakuna mkubwa wa msafara. Sisi wa huku hilo hatuhitaji kuelezwa sana, kwelea tunawajua. Wingu zima linageuka juu ya mpunga na hujasikia aliyepiga filimbi. Mwaka 2014 mtafiti Tamás Vicsek na wenzake kule Budapest walirusha droni 10 nje kwa mtindo huo, na 2018 wakafikisha 30. Nikajiambia, nne zitanishinda vipi?

Kwenye kompyuta zilipendeza mno. Shambani zikaanza kuyumba. Moja inasogea, ya pili inaikimbia, inapitiliza, inarudi kwa kasi, ya tatu nayo inashtuka. Kila mara zinavyoyumba ni zaidi ya mara iliyopita, kama bembea yenye mtu wa kuisukuma. Nikapunguza nguvu ya kukwepana, zikatulia kidogo, halafu mbili zikagusana propela. Ndizo hizo za matopeni.

Usiku nikakaa na rekodi za safari. Vipokezi vyangu vya GPS vilikuwa vinatoa nafasi mara 1 kwa sekunde, kama vilivyotoka kwenye boksi, kubadilisha nilisahau. Droni zinakwenda mita 4 kwa sekunde. Kwa hiyo jirani akitangaza "niko hapa", habari ikikufikia huenda keshasogea mita 4, na nafasi niliyoweka kati yao ni mita 6. Zilikuwa zinakwepa mahali ambapo mwenzao hayupo tena.

Nikavipandisha vipokezi hadi mara 5 kwa sekunde. Kila ujumbe nikauwekea saa na kasi, ili anayeupokea apige hesabu mwenyewe: kama jirani alikuwa pale nusu sekunde iliyopita na anakwenda mita 4, sasa yuko mita 2 mbele. Hilo lilisaidia, lakini dawa hasa ilikuwa ile kanuni ya pili, ya kulinganisha mwendo, ambayo mwanzoni niliidharau nikaipa uzito mdogo. Kumbe hiyo ndiyo shokapu ya kundi zima. Kukwepana na kuvutana ni springi. Bila shokapu gari linaruka-ruka hadi kesho. Nilipoiongezea uzito, kuyumba kukafa.

Kanuni tatu peke yake zinakupa fungu tu, hazikupi umbo. Nilitaka ziruke kwa mkao wa V, nikaongeza ya nne: ukimwona mwenzako mbele, kaa nyuma yake ubavuni. Njia ya safari kila moja inayo, ila inayojikuta mbele ndiyo inayoifuata. Wapo watafiti waliochunguza makundi ya ndege aina ya kwezi wa Roma, mwaka 2008 wakaandika kwamba kila ndege hujali majirani 6 au 7 tu, hata kundi liwe kubwa vipi. Mimi nina nne, kwa hiyo hilo bado ni tatizo la matajiri.

Atakayejaribu, kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kitangulie, tena ruka asubuhi mlima ukiwa wazi, kabla upepo haujaamka. Na mwanzoni kila droni ipe kimo chake, tofauti ya mita 3, ili zikigongana kwenye ramani zisigongane angani. Mimi nililijua hilo, nikaona uvivu, nikalipia propela nne.

Wiki iliyofuata nikarudi Oria. Safari ya nne, ile ya mbele ikaishiwa betri, ikashuka yenyewe kutua. Sikugusa kitu. Zilizobaki zikatikisika kidogo, ya kushoto ikajikuta mbele, mbili zikajipanga nyuma yake, huku na huku, V ndogo lakini V. Nilikuwa nimesahau hata kupumua.

Babu alikuwa amesimama kwenye tuta, mkono juu ya macho.

"Hao sasa ni kwelea," akasema, akainama kuokota donge la udongo, akalitia kwenye kombeo.

Ikabidi nimkimbilie kumwomba asirushe.