Nyangumi na msekwoya katika boti ya Bukavu

Tuliondoka Goma jioni kwa boti ya mizigo, mimi na mtoto wa dada yangu mwenye miaka 10, tukaketi sitahani kati ya magunia ya maharage na viazi. Ziwa Kivu halina nyangumi, na mvulana alilijua hilo, hata hivyo, kisiwa cha Idjwi kilipojitokeza gizani kama mgongo wa mnyama, aliuliza: "Mjomba, kikubwa zaidi ni nyangumi wa buluu au ule mti wa msekwoya wa kwenye picha?"

Tulianza na urefu. Tuliipima boti kwa hatua, kutoka omo hadi tezi, tukapata kama mita 20. Nyangumi wa buluu, ambaye hufikia mita 30, angeizidi kwa nusu ya urefu wa boti, ilhali msekwoya uitwao General Sherman, ulioko California nchini Marekani, una takriban mita 84: boti nne zikisimamishwa moja juu ya nyingine hazifiki kileleni. Kwa uzito pia mti unashinda, kwani nyangumi mkubwa hupita tani 150, nao hukadiriwa kuzidi tani 1,000, ijapokuwa uliota kutokana na mbegu nyepesi kuliko punje ya mtama.

Mama mmoja mfanyabiashara, aliyeegemea magunia yake, hakuridhika.

"Baba, ukimpima mtu, utampima pamoja na gunia alilobeba?"

Swali hilo lilinishika, kwa maana sehemu kubwa ya shina la msekwoya ni mbao zisizo na uhai, na uhai wa shina hilo umo hasa katika tabaka jembamba chini ya gome. Nilikaribia kukubali. Lakini gunia hilo ndilo linaloushikilia mti usianguke. Nyangumi kazi hiyo ameyaachia maji, ndiyo maana akikwama ufukweni huelemewa na uzito wake mwenyewe. Mama aliguna tu, akajifunika kitenge.

Tulifika Bukavu alfajiri. Tukipanda mlima kutoka bandarini, mvulana aliukumbatia msipresi mmoja kando ya njia, vidole vyake vikakaribia kukutana, kisha akauliza mzingo wa ule wa California. Nilimwambia kwamba chini kabisa ni mita 31. Alinyamaza kidogo akihesabu.

"Basi nyangumi angejiviringisha pale mara moja tu, Mjomba, na mkia usifike mdomoni."