Mradi wa draipointi, wiki ya 5: naufukuzia weusi wa Charing Cross

Wiki hii ndo nimechapa kwa mara ya kwanza, baada ya mwezi mzima wa kukwaruza tu. Draipointi ni kuchora kwa kukwaruza bamba na sindano, hamna asidi, na mimi nanakili picha moja tu mpaka niielewe: The Great Gantry, Charing Cross Station ya Muirhead Bone, mwaka 1906. Bone ni Mskoti wa Glasgow, alizaliwa 1876, alianzia kwenye usanifu majengo na unaliona hilo kabisa, kila nguzo aliyochora unajua imebeba nini.

Kisa chenyewe kinauma. Tarehe 5 Desemba 1905 paa la stesheni ya Charing Cross pale London liliporomoka, fito ya chuma iliyokuwa inalishikilia ilikuwa na kasoro ikakatika, wakafa watu 6. Stesheni ikafungwa mpaka Machi 1906, na ili kuliteremsha paa lililobaki wakasimamisha jukwaa kubwa mno la mbao humo humo ndani. Bone akalichora hilo jukwaa. Joseph Pennell, mchoraji wa Marekani, alienda Panama 1912 akachora mfereji ukijengwa, picha nzuri sana zile, ila hii ya Bone ndo roho yangu imetua, kazi yote ile na mbao zote zile ni za kushusha kitu salama halafu nazo zing'olewe.

Bamba langu ni pakiti ya maziwa, zile ngumu zenye karatasi ya fedha ndani, naifungua naisafisha nakwaruza upande wa ndani kwa ncha ya bikari. Mchoro naugeuza kwanza maana chapa inatoka kinyume. Wino wa mafuta naupaka kwa kipande cha kadibodi, halafu nafuta kwa chandarua cha zamani, kinaondoa wino wa juu bila kuchokonoa ule ulioingia kwenye mikwaruzo (nilijaribu fulana, ilifuta kila kitu). Karatasi nailoweka nusu saa naikausha kidogo kwa taulo, halafu vyote na kipande cha blanketi juu vinapita kwenye mashine ya tambi ya rola mbili aliyonipa shangazi.

Chapa ya kwanza ikatoka kijivu. Mistari yote ipo, mbao zipo, ila chini ya jukwaa ambako kwa Bone kuna giza zito laini kama mahameli, kwangu kumepauka. Nikakaa na lile bamba jioni nzima na kioo cha kukuzia ndo nikaelewa, nilikuwa nashika sindano wima. Kwenye bamba la shaba, lile la draipointi ya kawaida, ukiilaza sindano inanyanyua ukingo wa shaba pembeni ya mkwaruzo, kama udongo pembeni ya jembe, na ule ukingo ndo unashika wino mwingi, mstari unavimba unakuwa mweusi wenye manyoya. Kumbe giza lile lote ni vijikingo hivyo!

Bamba la pili nimelaza bikari, nikapitisha mikwaruzo juu ya mikwaruzo, na chapa ya kwanza ilipotoka nilimwita shangazi aje aone. Nyeusi kweli. Ya pili na ya tatu nazo nzuri, ya nne imeanza kufifia, ya sita giza limeisha kabisa kwa sababu rola zinavilaza vile vijikingo. Hata kwenye shaba vinalala, ndo maana chapa za mwanzo za draipointi zinatafutwa sana na wengine walikuwa wanalipaka bamba utando mwembamba wa chuma ili lidumu.

Jumamosi nakata bamba la tatu. Safari hii naanza na giza la chini kabisa, ncha ikiwa bado kali, mbao za juu zitafuata.