Vichupa viwili

Juzi binti yangu alijikata kidole akipaa sato. Akakaa juu ya ndoo, kidole juu, magamba yamemganda hadi kwenye nyusi, akauliza: "Baba, damu inajuaje kwamba sasa imetosha?" Nikamwambia abane kidole, maswali baadaye.

Swali lile likanirudisha kwenye upasuaji wa mama, miaka mingi iliyopita, ule wa uvimbe kwenye kizazi. Habari za kuchangishana hela niziache, na za shemeji aliyekubali kutoa damu halafu akakumbuka ana msiba Sengerema. Asubuhi yenyewe nesi alinishikisha karatasi: "Kaka, hii imetuishia. Wahi, anaingia saa nne."

Duka la kwanza hawana. La pili, muuzaji aliigeuza karatasi, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. "Traneksami. Vichupa viwili, miligramu 500 kila kimoja." Akavitia kwenye bahasha ya kaki. Nikadandia bodaboda, bahasha nimeikumbatia kifuani, na kila tuta nilisikia vikigongana, kli, kli. Nikawa namwambia dereva apunguze mwendo, hapohapo namwambia tunachelewa. Kwenye mlima, ziwa likaonekana nyuma ya mawe, jeupe kwa jua, akasimama kabisa. "Braza, chagua moja."

Nilipofika bahasha ilikuwa imelowa jasho, nesi akaibandua vidole viwili kama ganda la ndizi. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo dawa ya kugandisha damu.

"Damu inaganda yenyewe," alisema huku akitafuta tarehe ya mwisho ya matumizi. "Hii inazuia donge lisiyeyuke mapema."

Mama alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu. Akaniangalia. "Baba, umekula?"

"Nimekula."

Akatoka saa nane. Daktari akasema damu haikupotea nyingi, na ile chupa ya damu tuliyohangaikia haikutumika. Basi miaka mingi nikajigamba kwenye vikao vya familia kwamba mimi na bodaboda yangu ndio tuliomwokoa.

Halafu nikaja kusoma. Dawa yenyewe imetoka Japani, kazi ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke, mwaka 1962. Matokeo ya jaribio kubwa kwa majeruhi yalitoka 2010: watu zaidi ya 20,000, nusu wakapewa dawa, nusu maji ya chumvi tu, ndipo ikaonekana kwamba waliopata dawa walikufa wachache zaidi. Watu elfu ishirini! Mimi nina mama mmoja, na hakuna mama wa pili aliyetundikiwa maji ya chumvi ili nilinganishe. Pengine ulikuwa mkono wa daktari. Pengine hata bila vile vichupa angetoka vilevile saa nane, na jasho langu ni la bure.

Jana nimempigia simu mama nimuulize yeye anaonaje. Akasema siku ile sikuwa nimekula, na kwamba nilimdanganya.