"Chombo kiko wapi?": nilivyoifundisha programu kumjibu msimamizi

Kwa muda nilifanya kazi Uskoti nikiunda programu ya kuzungumza na watu wanaosimamia roboti zinazojiendesha chini ya bahari, zile ndefu zinazokagua mabomba na kupima sakafu ya bahari, zikifuata mstari mmoja baada ya mwingine kama zilivyopangiwa. Msimamizi yuko nchi kavu au melini. Chombo anakiona kama alama tu kwenye ramani, na swali analouliza kuliko yote ni hili: kiko wapi?

Ndilo lililonisumbua zaidi. Mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya bahari, na GPS haishiki kabisa. Kinachobaki ni sauti, ambayo majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Chombo kikiwa umbali wa kilomita 3, ujumbe unachukua sekunde 2 kufika, ukibahatika kufika, maana mwangwi na kelele za injini za meli huuharibu. Kwa hiyo alama ya kwenye ramani ni habari iliyopitwa na wakati, na programu inayojibu "kiko hapa" inampotosha mtu.

Nikaamua kila jibu litaje lilipatikana lini. Likawa hivi: "Chombo cha 2 nimekisikia dakika 4 zilizopita, kikiwa kina cha mita 40, kikielekea kaskazini. Kwa mpango wake, sasa kinapaswa kuwa kinamaliza mstari wa sita. Hayo ya mwisho ni makadirio yangu."

Wenzangu wengine waliona jibu ni refu mno. Nililitetea, na bado nalitetea: msimamizi akishajua kipi kimesikika na kipi kimekadiriwa, anaamua mwenyewe kama asubiri au achukue hatua.

Swali la pili ni "kwa nini". Chombo kinaacha mstari wake ghafla na kuanza kupanda. Mgeni wa kazi anadhani kimeharibika. Kumbe kikiwa chini hukadiria mahali kilipo kwa mwendo na uelekeo wake, kosa likaongezeka kidogo kidogo, hivyo kinapanda kuchukua GPS kabla ya kurudi kazini. Majibu ya aina hii sikuyatunga. Nilikaa na msimamizi mzoefu, tukapitia kumbukumbu za safari zilizopita, nikamwomba aseme kwa sauti kila anachowaza. Mara nyingi alitaja sababu zaidi ya moja: GPS, betri, au kikwazo mbele. Basi programu nayo ikazitaja zote, ikianza na ile yenye uwezekano mkubwa.

Kwenye amri nilibana zaidi. "Rudisha", wakati vyombo vitatu viko majini, haitoshi. Programu inauliza kipi, inarudia amri nzima kama marubani wanavyorudia maagizo redioni, na haitumi mpaka msimamizi akubali. Ikishatuma haisemi "tayari". Inasema "nimetuma, nasubiri chombo kithibitishe", kisha inakaa kimya. Muda ukiisha bila jibu, inasema hivyo na kuuliza kama itume tena.