Tulivyohesabu nusu ya kijiji kuwa wagonjwa

Nilipokabidhiwa usimamizi wa utafiti wa afya ya akili nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Muheza, mtaalamu mmoja aliniambia nisijisumbue. "Chukua SRQ-20. Atakayefikisha alama 8 mwandike mgonjwa, songa mbele." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, kwa sababu niliufuata.

SRQ-20 ni dodoso la Shirika la Afya Duniani, maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu siku 30 zilizopita, na kila ndiyo ni alama moja. Kichwa kinakuuma? Hamu ya kula imepungua? Unalala vibaya? Unachoka upesi? Sisi tukaingia kijijini kumi la mwisho la Ramadhani. Watu wamefunga, usiku wanakatiza usingizi kuamkia daku, mchana jua la Tanga linawachoma shambani. Jioni nikajumlisha alama kwenye mwanga wa taa ya sola: karibu nusu ya tuliowahoji walikuwa "wagonjwa". Mama mmoja mwenye alama 9 nilimwona kwa macho yangu uani, anakoroga uji wa futari, anaimba kaswida, anawagawia watoto wa jirani tende. Akaniita, "Njoo ufuturu, mwanangu." Nikala futari yake nikiwa na karatasi mkobani inayosema haoni raha ya maisha.

Nilisimamisha kazi. Hatukurudi Idi ilipopita tu, maana swali linarudi nyuma siku 30. Tulisubiri wiki sita. Nauli za bodaboda na posho zilizopotea zilifika kama laki nne na ushee, na nilizitetea mbele ya wafadhili bila aibu.

Maneno nayo tuliyapanga upya. "Mmeng'enyo" hakuna aliyeuelewa. Tukauliza kama tumbo linamsumbua baada ya kula. Kila ndiyo tukaifuata na "tangu lini?" na "kazi zako zinakwendaje?", kwa kuwa mgonjwa kwangu ni yule ambaye dalili zimekaa na zimemvuruga.

Na hiyo alama 8 si amri. Mwongozo wa 1994 wa shirika hilohilo unaonyesha mpaka huo wa alama ukibadilika nchi na nchi. Piga hesabu: watu 1,000, wagonjwa wa kweli 100, dodoso linapatia mara 80 kwa kila 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Litakamata wagonjwa 80 pamoja na wazima 180! Ndiyo maana kila aliyevuka mpaka alihojiwa tena na daktari wa akili, na katika walio chini ya mpaka tulichagua mmoja kwa kila watano, naye akahojiwa vilevile. Kuwatafuta wenye magonjwa mazito ya akili tuliwatumia wazee na wahudumu wa afya, ila usiwaulize "nani kichaa hapa?" Watakutajia anayeokota makopo sokoni. Uliza nani alikuwa anakuja msikitini au kwenye kikoba na siku hizi haonekani.

Jambo ninalojivunia zaidi ni la mkekani. Nyumba moja, binti aliyeolewa pale alijibu hapana maswali yote 20, na kila jibu alimtazama kwanza mavyaa wake aliyekaa pembeni anachambua mchele. Nikagundua hatutapata ukweli hivi. Kuanzia hapo tukawa tunakwenda wawili: mmoja ana dodoso letu, mwingine ana karatasi ndefu ya mali za kaya, kuku wangapi, minazi mingapi, bati au makuti. Mkubwa wa nyumba ndiye anayestahili kuulizwa hayo, na ukimwamkia vizuri anasimama mwenyewe kukuonyesha minazi.

Tulirudi kwa yule binti. Mavyaa akaenda shamba na mwenzangu, mnazi baada ya mnazi. Binti akaniuliza, "Dada, hayo maswali ya siku ile naweza kuyajibu upya?" Zilitoka alama 13. Swali la 17, la kuwaza kujiua, alinyamaza muda mrefu, anakunja na kukunjua pindo la khanga, kisha akasema ndiyo. Dodoso nikaliweka chini. Nilimpigia nesi tuliyekubaliana naye tangu siku ya kwanza, nikakaa na binti pale mkekani hadi nesi alipofika, baada ya alasiri. Nyumba nne zilizobaki siku ile hatukuzifikia.