Sakafu Kabla ya Lifti

Gereji yenyewe ipo Mikanjuni, Tanga. Mwaka 2018 mwenye nayo alinunua lifti ya nguzo mbili ya kuinulia magari, yenye uwezo wa tani 4, akataka ifungwe siku ileile iliposhushwa. Alikuwa mzee wa kazi, amechoshwa na shimo la kuingia chini ya gari, na haki alikuwa nayo. Shimo la gereji masika yakianza linajaa maji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatulia mle chini ukingoja cheche. Fundi naye anashinda kutwa shingo imepinda. Lakini kabla ya kufungua hata mbao za nguzo, sisi tuliokuja kuifunga tulitoa drili na biti ya milimita 10 tukatoboa sakafu.

Kwa macho sakafu ilikuwa nzuri, imepigwa niru ikang'aa. Biti iliingia sentimita 6, ikatumbukia. Kilichofuata kutoka kwenye tundu kilikuwa mchanga mweupe na kifusi cha mawe ya matumbawe, ambacho ndicho wengi hujazia chini ya sakafu katika mji huu. Tulitoboa sehemu tatu, na penye unene mkubwa hapakufika sentimita 8. Kitabu cha lifti kilitaka zege lisilopungua sentimita 15, lenye nguvu ya megapaskali 25.

"Mwanangu," mzee akasema, "juu ya sakafu hii nimepandisha Fuso kwa jeki, na ufa haujaonekana."

"Ni kweli mzee wangu. Ila jeki inaikandamiza sakafu. Hii itaing'oa."

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuhusu lifti ya nguzo mbili. Land Cruiser ya tani mbili na nusu inaweka tani moja na robo hivi kila upande, na mzigo huo haukai juu ya nguzo. Unaning'inia kwenye mikono, zaidi ya nusu mita kutoka kwenye nguzo, kwa hiyo kila nguzo inataka kuinamia gari. Ukingo wa ndani wa sahani ya chini unakandamiza zege, na bolti za nje, zile zilizo mbali na gari, zinavutwa juu. Kwa kuwa sahani ni fupi kuliko mkono, mvuto huo kwa jumla unaweza kuzidi hata uzito uliobebwa upande huo. Bolti ya kutanuka inashikilia kwa kulibana zege kutoka ndani ya tundu. Sakafu ya sentimita 6 juu ya mchanga inameguka na kutoka pamoja na bolti.

Mzee alinyamaza, akapima kwa kidole ule unene wa zege kwenye tundu, kisha akaita vijana walete nyundo na tindo.

Tulikata mkanda mmoja wa mita 4 kwa mita 1.2, wa kubeba nguzo zote mbili. Ningeweza kumwaga vitako viwili tofauti na kuokoa saruji, lakini nguzo zinapovutana kuelekea gari, kitako kidogo kinaweza kuzunguka kwenye udongo laini. Mkanda mmoja unazifanya nguzo zipingane zenyewe kwa zenyewe. Kina kilikuwa sentimita 25. Kifusi tulikishindilia, tukatandika nailoni ili udongo mkavu usinyonye maji ya zege, kisha nondo za milimita 12 zikapangwa kila sentimita 20, zikiinuliwa sentimita 5 kutoka chini kwa vitofali vidogo vya saruji. Nondo zilikaa chini kwa sababu mbili: mkanda huo ukilemewa unavutika upande wa chini, na juu palitakiwa pabaki wazi ili biti isikutane na chuma.

Ujazo wa mkanda ni mita za ujazo 1.2, uliokula mifuko 10 ya saruji ya daraja la 42.5. Kipimo kilikuwa ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga, tatu za kokoto. Mchanga uwe wa mto. Ule wa ufukweni uko karibu na ni wa bei nafuu, lakini chumvi yake inaila nondo ndani kwa ndani. Ugomvi mkubwa na wachanganyaji ulikuwa maji. Mfuko wa kilo 50 ulipangiwa lita 25, na zege la hivyo ni gumu kusukuma, linataka kushindiliwa kwa nondo kila pembe. Kijana akiona jasho limezidi anaongeza nusu ndoo ili litiririke. Maji hayo baadaye yanakauka na kuacha vitundu, na nguvu inashuka. Nilisimama kwenye pipa la maji mwenyewe mpaka toroli la mwisho.

Sakafu ya zamani ilikuwa na mteremko wa kupeleka maji ya kuoshea kwenye mfereji. Mkanda wetu haukufuata mteremko huo. Tuliupima kwa mpira wa maji kutoka mwisho hadi mwisho, ukalala sawasawa, na upande wa mfereji ukabaki juu ya sakafu kwa sentimita 3 hivi. Hilo likawa na faida ya pili, maji ya kuoshea hayasimami kwenye mguu wa nguzo.

Magunia ya mkonge yakatandazwa juu, yakamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Halafu kusubiri. Mmoja wa mafundi wa pale alisema siku saba zinatosha kwa kuwa gari linapita juu na halitumbukii. Zege la siku saba huwa na nguvu kama theluthi mbili tu ya ile litakayofikia kwa siku 28, na bolti ya kutanuka ikikazwa mapema inalisaga zege kuzunguka tundu. Ufa wake huuoni. Mzee aliandika tarehe ya siku ya 28 ukutani kwa chaki, maneno yakaisha.

Muda huo wa kusubiri ulitumika kwa umeme. Mota ilikuwa ya kilowati 2.2, njia moja, volti 230. Kutoka kwenye mita hadi mahali pa lifti palikuwa na mita 35, na waya uliokuwepo ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba. Mota ya namna hiyo ikitembea inakula ampea 14 hivi, lakini inapoanza inavuta mara nne au zaidi kwa kitambo. Kwenye waya mwembamba wa urefu ule unapoteza karibu volti 40 hapohapo, na jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, hata kwenye mita volti hazifiki 230. Nguvu ya kuanzia ya mota inashuka kwa mraba wa volti: ukipata 190 badala ya 230 umebaki na theluthi mbili tu. Mota inanguruma bila kuzunguka, kapasita ya kuianzisha inaungua, na lawama zinaenda kwa lifti. Tulivuta waya mpya wa milimita 6 za mraba, na swichi yake ya kukatia peke yake.

Siku 28 zilipotimia nguzo zikasimamishwa kwa winchi ya mnyororo. Mstari wa chaki ulipigwa kwanza katikati ya mkanda, sahani zikawekwa juu yake, kisha tukapima kona kwa kona kwa msalaba. Tofauti kati ya vipimo viwili isizidi milimita 6. Ikizidi, nguzo hazitazamani, na mikono itabeba gari kwa kulipindisha.

Matundu hutobolewa kupitia matundu ya sahani yenyewe, biti ya milimita 18 kwa bolti ya milimita 18, kwenda chini sentimita 13. Bolti tano kila nguzo. Tundu likishatobolewa linapulizwa kwa hewa ya kompresa, linasuguliwa kwa brashi, linapulizwa tena, maana vumbi likibaki, bolti inatanukia kwenye unga. Kabla ya kukaza, timazi iliteremshwa pande mbili za kila nguzo. Moja ilihitaji vibati vya chuma vya milimita 3 chini ya ukingo wa nyuma. Kitabu kinaruhusu hadi milimita 12. Kupita hapo mtu arudie zege, asijenge mnara wa vibati.

Kukaza kulikuwa kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, nyutonimita (Nm) 120. Bolti tisa zilifika baada ya nati kuzunguka mara tatu au nne. Ya kumi, ya nje kwenye nguzo ya kulia, ikazunguka mara sita na mshale haujasogea. Kijana aliyetoboa tundu hilo alikuwa ameegemea drili ikayumba, tundu likapanuka mdomoni. Kuna walioshauri tuweke washa nene na kuendelea, kwa kuwa tisa zimeshika. Lakini ile ilikuwa bolti ya upande unaovutwa juu. Kutoboa tundu jingine sentimita chache pembeni nako hakufai, bolti mbili zilizokaribiana zinagawana zege lilelile na zote mbili zinadhoofika. Tuliing'oa, tukasafisha tundu na kulitoboa upya kwa biti ya milimita 22, tukajaza gundi ya kemikali ya kushikia vyuma kwenye zege, tukazamisha msumari wenye nyuzi wa milimita 18, ukalala usiku kucha bila kuguswa. Gundi hiyo iliagizwa Dar es Salaam na kazi ikasimama kuisubiri. Ulipokazwa, ulifika Nm 120 bila kusogea.

Mafuta yalikuwa ya haidroliki daraja la 46, maana daraja la 32, kwa joto la Tanga, linakuwa jepesi mno. Lita 10. Lifti ilipandishwa na kushushwa tupu mara kadhaa mpaka hewa ikatoka kwenye silinda. Hewa ikiwemo, mikono inapanda kwa kurukaruka. Kisha nyaya za chuma za kusawazisha. Hapa sikio linafanya kazi kuliko macho. Loki za usalama za nguzo mbili lazima zilie kwa pamoja, tak. Zikilia tak-tak, upande mmoja umetangulia, na nati ya mwisho wa waya inakazwa kidogo kidogo mpaka milio miwili iwe mmoja.

Gari la kwanza lilikuwa Land Cruiser ya mzee mwenyewe. Pedi nne zikakaa chini ya fremu, meno ya kila mkono yakahakikishwa yameuma, gari likainuliwa sentimita 10 tu. Tukalisukuma kwa mabega kutoka pembeni na kutoka mbele. Tukaangalia miguu ya nguzo, tukalipandisha mpaka juu, tukalishusha likalalia loki. Hilo la mwisho ndilo nililolirudia mbele ya mafundi wote: mtu haingii chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta. Anaingia likiwa limelala kwenye loki.

Paa la bati lilikuwa mita 3.9. Hiace ya paa la juu ina mita 2.28, na lifti ile inainua hadi mita 1.8, jumla inalipita bati. Tulipiga mstari mwekundu kwenye nguzo katika mita 1.5, mwisho wa Hiace hizo. Lifti za aina hii, ambazo nyaya zake zinapita sakafuni, kwa kawaida hazina swichi ya juu ya kuzima mota gari likikaribia paa.

Niliporudi wiki chache baadaye na spana ileile, bolti mbili zilikubali robo mzunguko, nyingine zimetulia, na ule msumari wa gundi haukusogea. Waya mmoja ulikuwa umelegea, nyaya mpya huvutika zikianza kubeba. Kutu ilikuwa imeanza kwenye pini za mikono kwa sababu ya upepo wa bahari, tukazisugua na kuzipaka grisi. Mzee alikuwa ameshalifukia shimo kwa kifusi, na fundi wake alikuwa amesimama wima chini ya Noah, anafungua gia boksi.