Namba saba na neno lililochelewa

Jumapili jioni, Kampala. Pale Legends, Lugogo, kila kijana wa raga anayevaa namba saba anataka kuwa Richie McCaw, aliyekuwa nahodha wa New Zealand, ila wengi humwiga nusu. Wanamwangusha mwenye mpira, wanaunyakua wakiwa bado wamepiga magoti, refa anapuliza. Mpangilio ni huu: angusha, achilia, simama kwa miguu yako miwili, ndipo ushike mpira, tena kabla raki, yaani wachezaji wa pande zote mbili kusukumana juu ya mpira ulio chini, haijaundwa. Mikono ikitua chini mbele ya mpira ili ujiegemeze, hiyo ni penalti. Wapinzani walimwita McCaw mwizi miaka yote. Mimi naona alikuwa msomaji mzuri wa marefa.

Unahodha ndio aliochelewa kuumudu. Mwaka 2007, ule ule Rugby Cranes, timu ya taifa ya Uganda, walipotwaa Kombe la Afrika kwa kuifunga Madagaska kwao Antananarivo, McCaw alitolewa na Ufaransa robo fainali ya Kombe la Dunia kule Cardiff, 20-18, baada ya kuongoza 13-3 mapumzikoni. Mwishoni New Zealand walikuwa na mpira, mpango hawakuwa nao. Walisukuma na kusukuma wakitafuta trai, yaani kuutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, na teke la dropu, mpira unaodundishwa chini kisha kupigwa kati ya nguzo kwa pointi tatu, lilipokuja lilitoka mbali mno. Pointi tatu tu zingetosha! Dropu huandaliwa mapema: mafowadi, wachezaji wa mbele, wanausogeza mpira mpaka mbele ya nguzo, mpigaji anarudi nyuma apate nafasi, nahodha anatoa neno. Neno halikutoka.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2011, Auckland, Ufaransa hao hao. Mguu wa McCaw ulikuwa umevunjika, naye alikataa kupigwa eksirei hadi mashindano yaishe. Picha ikishaonekana, daktari atanyamazaje? Namba kumi watatu, wapigaji wa mateke wa timu, waliumia, Dan Carter akiwemo, hivyo penalti ikapigwa na Stephen Donald, aliyeitwa kikosini akiwa anavua samaki. New Zealand wakashinda 8-7. Pointi moja hiyo waliilinda zaidi ya nusu saa.

Kisha fainali ya 2015, Twickenham, London. Australia wamefukuzia hadi 21-17, zimebaki kama dakika kumi. Carter akarudi nyuma, akapokea, akapiga dropu kutoka mita 40 hivi. 24-17. Hakungoja trai. Mchezo ukaisha 34-17.

Mwezi uliofuata McCaw akatundika viatu: mechi 148 za taifa, 110 akiwa nahodha. Siku hizi anarusha helikopta.